Ngoma, Kwata na Mtihani

Mwezi wa Oktoba, wakati kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijaanza kuvuma, shule za sekondari za Malindi na Kilifi huingia katika kimya kisicho cha kawaida. Mipira hufungiwa stoo. Nyavu huteremshwa. Uwanja, ambao mwezi uliotangulia ulijaa vumbi na kelele, huachiwa mbuzi wa jirani, na watoto wa kidato cha nne huonekana wameinama juu ya madaftari tangu alfajiri hata usiku wa manane. Ukimwuliza mwalimu sababu, atakujibu kwa upole, kama amjibuye mgeni, kwamba mtihani umekaribia. Ukimwuliza mwanafunzi hali yake, huenda asikujibu. Lakini mtazame, nawe utaona. Chakula hakimpiti kooni, usingizi haumjii, viganja vyake vina jasho, na ukurasa alioujua jana leo umemkimbia. Wazee wetu waliiita hali hii jakamoyo.

Basi mazoezi ya mwili huachwa wakati ule hasa ambapo moyo unayahitaji kuliko wakati wowote. Desturi hii si ya asili. Ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka katika pwani yetu hii, baina ya Mtwapa na mto Sabaki. Nitaisimulia kwa kadiri ya nafasi niliyopewa, maana iliwahi kunigusa mimi mwenyewe.

Nilipokuwa kidato cha nne nilikaa dawati moja na kijana aliyetushinda sote katika hesabu. Sitamtaja jina, wala sitaitaja shule. Katika ratiba ya darasa letu palikuwa na vipindi viwili vya mazoezi ya mwili, siku ya Jumanne na siku ya Alhamisi, vimeandikwa kwa wino na kupigwa muhuri. Lakini mwaka mzima hatukutoka nje hata mara moja. Kipindi cha Jumanne kilichukuliwa na hesabu, na cha Alhamisi kikachukuliwa na kemia. Jioni zetu nazo zikaliwa na masomo ya ziada. Kufika Septemba rafiki yangu akawa anatapika kila asubuhi, na usiku nilimsikia akigeukageuka kitandani mpaka jogoo kuwika. Siku ya karatasi ya kwanza ya hesabu, somo ambalo yeye ndiye aliyekuwa akitueleza sisi wenzake, aliketi saa nzima ameshika kalamu, macho yamemtoka, mkono hauandiki. Walimu wengine walisema ni ulegevu. Wengine katika wanafunzi walinong'ona kwamba amerogwa. Hapana aliyesema kwamba mtoto huyu ameogopa mno na ameketishwa mno.

Hawe yangu, mama mzaa baba, alikuwa Mgiriama wa upande wa Jilore ambaye hakusoma hata darasa moja. Habari ya kijana yule ilipomfikia aliuliza swali moja tu: "Huyo mtoto hucheza ngoma wapi?" Tulicheka, tukamwambia kwamba wanafunzi hawachezi ngoma, wanasoma. Yeye hakucheka. Ilinichukua miaka mingi, na masomo ya chuo cha ualimu, kufahamu kwamba katika nyumba ile mwenye kuuliza swali la maana alikuwa yeye peke yake.

Miongoni mwa Wagiriama, kifudu ni ngoma ya maombolezo. Aliyefiwa haachwi akae pembeni na huzuni yake. Huingizwa katikati ya watu, akapiga mguu chini pamoja nao, akaimba, akatoka jasho, akachoka. Na uchovu ule ndio umleteao usingizi. Sisemi kwamba wazee walikuwa na elimu ya tezi na damu. Nasema kwamba walikuwa wameona, kizazi baada ya kizazi, kuwa moyo uliojaa haufunguki mtu akiwa ameketi kimya. Waswahili wa pwani nao walikuwa na kirumbizi chao, mchezo wa fimbo uendao kwa zumari na ngoma, na walikuwa na bahari ambayo kijana aliogelea kabla ya kujua kuhesabu. Na wenye kusoma tiba ya Kiarabu walimfahamu Abu Ali ibn Sina, aliyefariki mwaka wa 1037, ambaye katika Kanuni yake ya tiba aliyataja mazoezi ya mwili, chakula na usingizi kuwa misingi ya kuhifadhi afya. Aliyaanza na mazoezi.

Nguvu ya kifudu ilionekana wazi mwaka wa 1913. Serikali ya Kiingereza ilitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwa wageni, na ilitaka kodi. Watu walijaa hofu na hasira, kila mmoja nyumbani kwake. Ndipo mjane mmoja, Mekatilili wa Menza, alipoanza kwenda mahali hata mahali akiicheza kifudu, na watu wakamfuata kwa makundi makubwa. Alikamatwa mwaka ule ule, akapelekwa mbali sana, hata nchi ya Wagusii, pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Mwaka wa 1914 walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 serikali ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Msomaji wa habari hizi huona siasa, na kwa hakika siasa imo. Lakini mimi, niliyepewa kazi ya kufundisha walimu, naona na jambo la pili: watu walioshikwa na hofu hawakuanza kwa kuhutubiwa. Walianza kwa kucheza, na miili ilipokwisha kusogea pamoja, ulimi ukapata la kusema.

Wakati huo shule zilikuwa zimekwisha kuingia. Krapf na Rebmann walikuwa wamejenga Rabai mwaka wa 1846. Wamethodisti wakafika Ribe mwaka wa 1862. Na mwaka wa 1875 ikaanzishwa Freretown kwa ajili ya watu waliokombolewa katika utumwa, ambako kengele yake ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Wamishonari wengi waliziona ngoma kuwa ni upagani, wakawakataza waongofu wao kuzicheza. Sipendi kuwalaumu kupita kiasi; walileta kusoma na kuandika, na mimi ninayeandika haya ni mtoto wa kazi ile. Lakini benchi lilipoingia uwanja ulitoka, na hapana aliyeuliza hofu na huzuni za mtoto zitatokea wapi sasa.

Hata hivyo shule haikuuacha mwili kabisa. Iliuletea kwata. Katika Uingereza ya karne ya 19 wanafunzi walifundishwa kusimama kwa mstari na kugeuka kwa amri, kwa namna iliyotoka jeshini, na desturi hiyo ikasafiri pamoja na vitabu. Mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki kuchungua elimu, na katika mafundisho yake manne ya msingi, pamoja na afya, mazingira na maisha ya nyumbani, ilitaja burudani. Tume hiyo imelaumiwa, na kwa haki, kwa kutaka Mwafrika afundishwe kazi za mikono kuliko elimu ya juu. Lakini katika jambo hili la burudani iliona sawasawa. Mwaka wa 1933 Bodi ya Elimu ya Uingereza ilitoa mwongozo wa mazoezi ya viungo ambao ulitumika miaka mingi katika makoloni. Babu zetu walioinua mikono juu na kuishusha chini mbele ya madarasa ya makuti, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, walikuwa wakiufuata mwongozo ulioandikwa London kwa ajili ya watoto wa nchi ya baridi.

Kwata ilinyosha migongo, na si haba. Ila ilikuwa na kasoro moja ambayo mpaka leo haijatutoka: ilimfundisha mtoto kwamba mwili husogea kwa amri ya mkubwa. Kutoka hapo hatua ni fupi sana kuufanya mwendo kuwa adhabu. Aliyechelewa azunguke uwanja mara kumi. Aliyeongea darasani arukeruke kichurachura. Mtoto aliyekimbizwa kwa kosa, akikua, hukumbuka kosa kila avaapo viatu vya kukimbilia. Nimewaona walimu wanafunzi chuoni, watu wazima wenye ndevu, wanaoingia uwanjani kama waendao kuhukumiwa.

Watu wa pwani hawakuipokea kwata bila kuifanya yao. Katika miaka ya 1890, katika miji ya pwani ya Kenya, ilizuka ngoma ya beni: tarumbeta, gwaride, vyeo vya jeshi na mashindano ya mtaa na mtaa. Ngoma hiyo ilienea mpaka Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa miongo mingi. Watu waliichukua amri ya sajini wakaitia wimbo na kicheko. Ni neno kubwa hilo, nami nalikumbuka kila nionapo mwalimu akipiga filimbi kwa uso uliokunjamana.

Zilikuwako pia shule ambazo michezo haikuwa kwata tupu. Ronald Ngala, Mgiriama aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi wa siasa, alisoma Alliance kule Kikuyu wakati Carey Francis alipokuwa mkuu. Mwingereza huyo alikuwa bingwa wa hesabu kutoka Cambridge, na aliiongoza shule ile tangu 1940 hata 1962. Aliwapenda watoto wa hesabu, na aliupenda mpira vilevile. Wavulana wake walicheza, tena shule ile ilikuwa miongoni mwa zile zilizoongoza nchi kwa mitihani. Wale wanaosema kwamba jioni ya mpira ni jioni iliyopotea wangefanya vema kuitazama historia hiyo.

Basi uwanja ulifungwa lini? Haukufungwa siku moja. Ripoti ya Beecher ya mwaka wa 1949 iliigawa elimu ya Waafrika katika ngazi tatu za miaka minne minne, na watoto wakachujwa kwa mitihani njiani. Nafasi zilikuwa chache, na mtihani mmoja ulitenga mwenye kuwa karani na mwenye kurudi shambani. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963 shule ziliongezeka, lakini hofu haikupungua, maana watoto nao waliongezeka. Mwaka wa 1985 ukaanza mfumo wa 8-4-4 pamoja na mtihani wa KCPE, na mwaka wa 1989 ukafanywa mtihani wa kwanza wa KCSE. Mazoezi ya mwili yalibaki katika ratiba, lakini kwa wanafunzi walio wengi hayakuwa na karatasi ya mtihani. Na somo lisilo na mtihani, katika nchi iliyoshikwa na mtihani, ni yatima katika nyumba ya kambo. Kila jirani alijikatia kipande.

Yaliyofuata mnayajua, au wakubwa wenu wanayajua. Masomo ya ziada yaliingia hata likizoni, mpaka sheria ya elimu ya mwaka wa 2013 ikayapiga marufuku wakati wa likizo. Mwaka wa 2016 shule zaidi ya mia moja nchini zilichomwa na wanafunzi wenyewe. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na hofu ya mitihani ilikuwa mojawapo. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala mpya umeyapa mazoezi ya mwili na afya mahali pa heshima kuliko zamani. Heshima ya karatasini, naongeza. Maana muhuri wa ratiba nimeuona tangu utotoni.

Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka ile ile tuliyokuwa tukifunga viwanja, wataalamu wa nchi nyingine walikuwa wakigundua kwa vipimo lile alilolijua hawe yangu. Mwaka wa 1915 Walter Cannon wa chuo cha Harvard alieleza katika kitabu chake yanayotukia katika mwili wenye hofu. Adrenalini humiminika katika damu. Moyo hupiga kwa kasi. Ini hutoa sukari. Damu huondoka tumboni kwenda kwenye misuli. Mwili umejiandaa kupigana au kukimbia. Mwaka wa 1936 Hans Selye, kule Montreal, akaonyesha kwamba mwili ulioshikwa na taabu kwa muda mrefu bila kupumzika huanza kudhurika wenyewe. Sasa mfikirie rafiki yangu. Mwili wake ulikuwa umeandaliwa kumkimbia simba, na simba mwenyewe ni karatasi, naye amefungwa benchi. Tumbo lililomsokota halikuwa uchawi. Lilikuwa tumbo lililonyimwa damu na miguu iliyonyimwa mbio.

Mwaka wa 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliketi siku nzima, na makondakta walipanda na kushuka ngazi wakiuza tikiti; na makondakta hao walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Hapo ilikuwa habari ya moyo wa nyama. Mwaka wa 1999 James Blumenthal wa chuo cha Duke, Marekani, aliugusa moyo wa pili. Aliwachukua watu 156 wa makamo na wazee waliokuwa na ugonjwa wa huzuni, wengine akawapa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya majuma 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu kwa kadiri isiyopishana sana, ingawa wenye dawa walitangulia kuiona. Hao hawakuwa wanafunzi, nami sitaki kudai zaidi ya yaliyopimwa; lakini uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba mazoezi hupunguza na wasiwasi pia. Yako mambo mawili yanayosaidia kuyaeleza hayo. Kwanza, anayefanya mazoezi hulala vizuri zaidi. Pili, aliyezoea kusikia moyo wake ukipiga mbio uwanjani hashtuki sana unapopiga mbio katika chumba cha mtihani. Anaujua mlio ule, ni wa kawaida.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, lilipendekeza dakika 60 kila siku za mwendo wa kumtoa mtu jasho kwa watoto na vijana wa miaka 5 hata 17. Najua mtaniambia hamna dakika 60. Anzeni na 20. Kutembea upesi kabla ya masomo ya usiku, hata uweze kusema lakini usiweze kuimba, ni kutosha kwa mwanzo. Anayekaa karibu na bahari na akimbie maji yakiwa yametoka, penye mchanga mgumu, maana mchanga laini huumiza visigino. Aliyefunga Ramadhani na atembee taratibu punde kabla ya magharibi, au baada ya tarawehe. Wala mtu asingoje mkesha wa mtihani ndipo akimbie kilomita kumi. Atapata maumivu ya mapaja, si utulivu. Na yule ambaye hofu yake imekuwa nzito mno, hata hali wala halali majuma kwa majuma, au anaona heri asiwepo, huyo asiambiwe akimbie tu. Na aende kwa mwalimu mshauri au kwa daktari, na rafiki amsindikize.

Wasichana nimewaweka nyuma, nao hawakustahili hivyo. Katika historia yote niliyoisimulia, uwanja wa shule ulikuwa mali ya wavulana zaidi. Mwanzoni nilijibiwa na wazazi wa upande wa Bamba na Ganze kwamba binti yao hahitaji mazoezi, maana hubeba maji kutoka mbali kila siku. Jibu hilo lilinishinda kwa muda. Kisha binti mmoja darasani akanisaidia: "Mwalimu, nikibeba maji ninawaza maji." Kazi huuchosha mwili, lakini haimwachi mtu apumue. Akina hawe walichota maji mbali vilevile, na jioni walicheza.

Rafiki yangu alirudia mtihani mwaka uliofuata. Alikaa kwa shangazi yake mtaa wa Shela, Malindi, na kila jioni jua likipungua alikimbia kufuata ufuo mpaka Nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, kisha akaoga, akala, akasoma saa mbili, akalala. Hakupata alama za kwanza alizotabiriwa zamani. Alipata za kumtosha kwenda chuo, na leo ni mwalimu wa shule ya msingi kaskazini ya Sabaki. Mwaka jana nilimtembelea siku ya Alhamisi. Watoto wake walikuwa uwanjani, miguu mitupu, wakicheza mchezo ambao sikuufahamu kanuni zake, wakipiga makofi na kuimba. Mwalimu mmoja kijana alitoka ofisini ameshika vitabu vya hesabu, akamwomba kipindi kile, maana jaribio la mwisho wa muhula lilikuwa Jumatatu. Rafiki yangu alitazama saa yake. Akamjibu kwamba zimebaki dakika 15, na kwamba kama anapenda, na aviweke vitabu kwenye kivuli cha mkorosho aingie, kwa kuwa upande wa kushoto wamepungukiwa na mtu mmoja.